Dhoruba Haisomi Ratiba

Asubuhi ya Alhamisi, Aprili 11, 1996, ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna ilikuwa ikijongea kuelekea njia ya kurukia katika uwanja wa Cheyenne, jimbo la Wyoming, Marekani. Mvua ilikuwa imeshaanza. Wingu la radi lilikuwa limekaribia kiasi kwamba halikuhitaji mtaalamu wa kulisoma. Saa 2:24 asubuhi ndege iliruka, ikapinda kulia, ikapoteza mwendo, ikaanguka kwenye mtaa wa makazi ulio karibu na uwanja. Waliokuwamo walikuwa watatu na wote walikufa: Jessica Dubroff, mtoto wa kike wa miaka 7, baba yake, Lloyd, na mwalimu wake wa urubani.

Ajali nyingi za ndege huacha maswali yanayowachukua wachunguzi miaka. Hii haikuwa na fumbo. Injini haikuzimika, bawa halikukatika, wala hakuna aliyefichwa habari za hali ya hewa. Kila kilichowaua kilikuwa mbele ya macho yao kabla hawajaondoka. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kusimuliwa kwa yeyote anayepanda ndege ndogo, awe rubani au abiria, tajiri mwenye ndege yake au kundi la watu waliochangishana kukodi moja kwenda mazikoni.

Tuanze na safari ilivyopangwa. Lloyd Dubroff aliandaa ziara ya siku 8 kutoka Half Moon Bay, California, kwenye pwani ya magharibi, hadi Falmouth, Massachusetts, upande wa mashariki, mji aliozaliwa binti yake, kisha kurudi. Nia ilikuwa Jessica atambulike kuwa mtu mdogo kuliko wote kuvuka Marekani akiendesha ndege. Miguu yake haikufika chini, hivyo pedali zilifungiwa vyuma vya kuzirefusha. Hakuweza kuona nje vizuri, hivyo alikalia kiti cha kumnyanyua. Kituo kimoja cha televisheni kilimkabidhi baba kamera na kanda ili apige picha wakiwa angani, na kila walipotarajiwa kutua, waandishi wa habari nao walitarajiwa. Kisheria mtoto hakuwa rubani. Rubani alikuwa mwalimu aliyeketi kiti cha kulia, mwenye leseni, na dhamana yote ilikuwa juu yake.

Kuna jambo moja linalouma zaidi ukilijua. Waandaaji wa kitabu cha rekodi cha Guinness walikuwa wameshaacha kuorodhesha rekodi za marubani wadogo miaka kadhaa kabla, kwa kuhofia hatari. Rekodi waliyoikimbilia haikuwa ikiandikwa na Guinness. Kilichobaki ni kamera.

Siku ya kwanza ilikuwa ndefu. Waliondoka California, wakatua Elko katika jimbo la Nevada, wakatua tena Rock Springs, wakaingia Cheyenne jioni na kulala. Kulipokucha mahojiano yakaanza upya. Mtangazaji mmoja wa redio ya hapo Cheyenne, akizungumza nao kwa simu na akiona hali ya hewa inavyoharibika, aliwakaribisha wabaki mjini. Baba alikataa. Alisema wanataka kuiwahi dhoruba.

Uwanjani, mnara wa kuongozea ndege ulitangaza kwamba upeo wa kuona umeshuka hadi takriban kilomita 4.4, chini ya kiwango kinachoruhusiwa kwa rubani anayeruka kwa kutegemea macho yake. Sheria ina mlango wa pembeni kwa hali kama hiyo: rubani anaweza kuomba ruhusa maalumu ili atoke eneo la uwanja. Mwalimu aliomba, akapewa. Kisha mwongozaji akawafikishia taarifa ya rubani mwingine aliyekuwa ametangulia kuruka: upepo wa karibu na ardhi unabadilika ghafla, unaipandisha na kuishusha kasi ya ndege kwa noti 15. Wakati huohuo rubani wa ndege ya abiria iliyokuwa papo hapo uwanjani aliamua kuahirisha safari yake hadi hali itulie. Mvua waliyoiona ilikuwa moja na mnara waliousikiliza ulikuwa mmoja. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa tayari kuchelewa.

Kulikuwa na mengine mawili yasiyotokana na wingu. La kwanza ni mwinuko. Cheyenne iko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, ilhali mwalimu yule alizoea Half Moon Bay, kiwanja kilicho ufukweni. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi: injini inapata pumzi kidogo, mabawa yanapata cha kushikilia kidogo, na ndege inapanda kwa kusuasua. Marubani wa uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio karibu mita 1,690, wanalijua hili kila siku ya kazi yao. Aliyezoea kurukia Mombasa au Zanzibar hulazimika kujikumbusha. La pili ni mzigo. Ndege ilikuwa imezidi uzito wake wa juu wa kurukia kwa karibu kilo 44. Kwa lori, kilo 44 si kitu. Kwa ndege ya viti vinne, kwenye hewa nyepesi, ndani ya mvua na upepo wa kugeuka-geuka, ni kitu.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilipotoa uamuzi, haikulaumu wingu. Ilisema chanzo ni uamuzi usiofaa wa rubani kuruka katika hali ya hewa inayozidi kuharibika, ndege ikiwa imezidiwa uzito na ikiwa kwenye mwinuko asiouzoea, hadi mabawa yakapoteza nguvu ya kuinua kwa kukosa kasi. Kisha ikaongeza jambo ambalo mtu hatarajii kulikuta kwenye ripoti ya kiufundi: uamuzi huo ulichangiwa na hamu ya kutimiza ratiba iliyokuwa kubwa kupita kiasi, kwa sehemu kwa sababu ya ahadi kwa vyombo vya habari. Oktoba mwaka huohuo sheria mpya ilitiwa saini, ikamkataza mtu asiye na leseni ya urubani kuendesha ndege kwa ajili ya kutafuta rekodi.

Sheria ilimlinda mtoto wa kesho. Haikuweza kumlinda mtu mzima dhidi ya ratiba yake.

Sisi tumelelewa kwamba ahadi ni deni, na ni malezi mema. Aliyesema atakuja lazima aje. Asiyefika mazikoni huulizwa, asiyefika harusini husemwa. Lakini deni hilo hudaiwa aliye hai. Ndege ndogo inafanya ahadi iwe hatari kwa sababu inatupa hisia kwamba tunaimiliki njia. Basi lina saa yake, ndege kubwa ina saa yake, na zikiahirishwa tunanung'unika na kukaa. Ndege ndogo ni yetu: tumeilipia, inatusubiri, rubani tunamjua kwa jina. Tunaposimama uwanjani na wingu liko mbele, kuna watu upande wa pili wanaotazama saa, na hakuna aliye karibu wa kutuambia tukae. Mwenye kuamua ni sisi, na sisi tumeshaahidi.

Miaka mitatu baadaye somo lilelile lilijirudia, safari hii kwa ajili ya harusi. Ijumaa, Julai 16, 1999, John F. Kennedy Jr., mtoto wa rais wa zamani wa Marekani, alikuwa akienda na mkewe Carolyn na shemeji yake Lauren Bessette kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard. Hapo angemshusha shemeji, kisha aendelee hadi Hyannis Port kwa harusi ya binamu yake iliyokuwa kesho yake. Walitaka kuondoka mapema, lakini foleni za Ijumaa ziliwachelewesha. Jua lilizama saa 2:14 usiku, kama kawaida ya kiangazi cha huko. Ndege yake ya Piper iliruka kutoka New Jersey saa 2:38.

Ripoti za hali ya hewa hazikumkataza. Hakukuwa na dhoruba. Kulikuwa na ukungu mwepesi wa joto, usiku usio na mwanga, na bahari chini yake. Kennedy alikuwa na saa za kuruka kama 310 na leseni ya mwaka mmoja na kitu. Hakuwa amehitimu kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake. Mafunzo hayo alikuwa ameyafikisha katikati. Mwalimu mmoja alijitolea kuandamana naye usiku ule, akajibiwa kwamba safari hii anataka kuifanya mwenyewe. Takriban saa moja baadaye, juu ya maji karibu na kisiwa alichokuwa akikiendea, ndege iliinama upande, ikaanza kuzunguka huku ikishuka kwa kasi, ikapiga bahari. Bodi iliandika kwamba rubani alipoteza mwelekeo. Ukungu mwepesi na usiku wa giza vilichangia.

Hapa pana jambo ambalo abiria wengi hawalijui. Rubani asiyeona upeo wa macho, mahali anga na ardhi vinapokutana, hawezi kuusikia mwili wake ukimwambia ukweli. Ndani ya sikio kuna majimaji yanayotuarifu tumeinama au tumesimama wima. Ndege ikipinda polepole na kwa muda, majimaji hayo hutulia na mwili huamini kwamba unakwenda sawa. Akiinyoosha ndege, mwili unapiga kelele kwamba sasa ndiyo imepinda, kama mtoto aliyezunguka mpaka akasimama na bado anaona ua zima linazunguka. Rubani aliyefunzwa hukataa kuusikiliza mwili, akatazama vyombo tu. Asiyefunzwa huufuata mwili. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo kwa kuwaondolea kuona nje. Wote walishindwa kuimudu ndege. Wastani ulikuwa sekunde 178. Hazitimii dakika tatu.

Kwa hiyo hatari haina lazima ya kuja na radi. Wingu jeupe, tulivu, lililotanda juu ya kilima cha kijani linatosha kuua.

Mara nyingi abiria hujitetea: mimi sikumlazimisha rubani. Huenda ni kweli, na bado haitoshi. Januari 26, 2020, helikopta iliyombeba mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant iligonga mlima karibu na Calabasas, California, ikiwa ndani ya mawingu. Watu 9 walikufa. Wachunguzi hawakupata ushahidi kwamba mteja au kampuni walimshinikiza rubani. Walichoona ni kwamba huenda alijishinikiza mwenyewe, kwa kutaka kumridhisha mteja anayemheshimu. Mkubwa akiwa amekaa nyuma, hahitaji kufungua mdomo. Ukubwa wake unasema. Basi ni kazi ya mkubwa huyo kuuondoa mzigo huo kwa maneno, mapema, na kwa sauti inayosikika.

Na sisi Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta makaburi. Aprili 10, 2006, ndege ya Jeshi la Anga la Kenya aina ya Y-12 ilipiga mlima ikijaribu kutua Marsabit wakati mawingu yameufunika mji. Watu 14 walikufa, wakiwemo wabunge waliokuwa wakienda kwenye mazungumzo ya amani. Juni 5, 2018, Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iliishia kwenye Milima ya Aberdare, na wote 10 waliokuwamo wakafa. Anayeijua Marsabit anajua kwamba ni mlima uliosimama peke yake katika nyika kame, na kwamba ukungu wa asubuhi huufunika wakati nchi yote chini yake ina jua. Anayeijua Aberdare anajua mawingu yake hayapigi hodi.

Anga letu lina desturi zake, na anayesafiri afadhali azijue. Bara, joto la mchana hupandisha mawingu ya radi, hivyo asubuhi ni salama kuliko alasiri. Kwenye Ziwa Victoria mambo hugeuka: dhoruba za ziwani hupenda usiku na alfajiri. Wakati wa masika mawingu hukaa chini kwenye Usambara, Uluguru na miteremko ya Meru, na mabonde ambayo rubani alipita jana huwa yamezibwa leo. Viwanja vingi vya mbugani na vijijini havina taa wala mnara, na mvua ya saa moja inaweza kuifanya njia ya udongo iwe tope.

Sasa mafunzo, nayo si mengi.

Usipange kufika kwa ndege ndogo siku ya shughuli yenyewe. Harusi ikiwa Jumamosi, ondoka Ijumaa asubuhi. Ukilazimika kusafiri siku ileile, uwe na gari na dereva anayejua kwamba huenda akahitajika, na umweleze mwenyeji kabla kwamba mvua ikishika hutaonekana. Mwenyeji aliyekwisha kuambiwa hapigi simu kila baada ya dakika kumi kuuliza mmefika wapi.

Kabla ya kupanda, muulize rubani: ukiona nini utageuza? Swali hilo lina faida mbili. Linamtaka aweke mpaka akiwa bado chini, kichwa kikiwa kimetulia, na linamwambia kwamba wewe umekubali kugeuzwa. Swali la "tutafika lakini?" lina ujumbe mwingine, na rubani anausikia.

Sema uzito wako wa kweli na wa mizigo yako. Mchele wa kilo 25 uliopakiwa dakika ya mwisho kwa ajili ya shangazi unahesabiwa. Rubani akisema ushushwe, ushushe, wala usimtazame kwa jicho baya.

Mkikodi ndege, kubalianeni mapema kwamba rubani atalipwa hata akigeuza njiani. Anayelipwa kwa kufika tu amewekewa bei ya kujaribu.

Nawe rubani, usiwe na aibu. Ukiona wingu limeziba njia, geuka ukiwa bado nje yake, ukishaingia umechelewa. Kama hukuhitimu kuruka kwa vyombo, usiku juu ya maji si mahali pako, hata ripoti ya hali ya hewa iseme nini. Ukiona mwenzako mzoefu ameahirisha, jiulize anajua nini ambacho wewe unakataa kukijua. Na ukijisikia unasema moyoni "nikiwahi kidogo nitaipita," zima injini. Hayo ndiyo maneno ya Cheyenne.

Kuna watakaosema tahadhari hii ni woga, kwamba mabibi na mababu walivuka Bahari ya Hindi kwa majahazi bila kulia. Walivuka kweli, kwa sababu walijua kungoja. Nahodha aliyeisafiri kaskazi alingoja kusi ndipo arudi, na hakuna aliyemwita mwoga kwa miezi aliyokaa bandarini. Baharia aliyepigana na pepo za msimu hatukumbuki jina lake.

Wazee walikwisha kuitoa hukumu ya jambo hili: kawia ufike. Siku rubani atakapokuambia "leo haturuki", mshukuru, tafuta mahali pa kulala, na upige simu unakosubiriwa useme utachelewa. Watakasirika kidogo, kisha watakuwekea chakula.